Bei ya Haki kwa Bi Lavonne

Kwa miaka sita nilimwomba Mungu aniletee Lavonne Terborg akiwa analia. Alimleta, lakini bila machozi. Alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, theluji ya barabarani imegeuka tope jeusi na viatu vyake vya ngozi vimechafuka kwa chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu. Aliusukuma mlango wa ofisi yangu kwa bega, kama mtu asiyetaka kugusa kitasa.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, upande wa magharibi wa Grand Rapids, katikati ya duka la mikate na dobi. Kwenye kioo nimeandika jina langu, Halina Rusek, na chini yake: USISAINI KABLA HUJANIONA. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu akitaka gari jipya na muuzaji akamtajia bei, anakuja kwangu, ananilipa dola mia nne, nami namwambia kama bei ile ni ya haki au ni ya wizi. Ikibidi, naenda naye mpaka mezani kwa muuzaji. Wauzaji wengi wa Michigan wananijua kwa sura. Wachache wananisalimia.

"Umekonda," Lavonne akasema.

"Na wewe umezeeka. Kaa, Bi Terborg."

Akakaa, mkoba juu ya magoti. "Niite Lavonne tu. Hilo Terborg mwenye nalo amempelekea mwingine."

"Nimesikia. Mwanamke wa benki."

"Yule aliyekuwa akija kukagua mikopo ya yadi ya magari. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkorogea kahawa." Akanitazama usoni. "Ulicheka uliposikia?"

"Nilicheka mpaka mama yangu akaniuliza nina nini."

"Hata mimi ningecheka," akasema. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akailaza mbele yangu na kuinyoosha kwa kiganja. "Hii ni bei ya gari jipya, Corsara. Nataka uniambie kama ni ya haki."

Sikuhitaji kusoma juu. Niliijua ile nembo ya bluu. Niliandika bahasha zenye nembo hiyo kwa miaka mitatu. Terborg Motors. Aliyekuwa mume wake ndiye aliyekuwa anamuuzia gari.

"Kila mwaka gari la namna hii likiingia," Lavonne akasema, "Garrit alikuwa akiniita nitoke nyumbani nije nilione. Ananiambia, hili ni lako, Lavonne. Jumatatu nikiuliza, limeshauzwa. Miaka thelathini na nane, Halina. Nimepata hela zangu za talaka na nalitaka. Sitaki la mji mwingine. Nataka hili, kutoka kwenye yadi yake, nipite nalo mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Sasa Joel ananiambia baba yake amepiga simu kutoka Florida. Amesema isipunguzwe hata senti. Amesema mama yako akilitaka alipe kama watu, na zaidi."

Jina la Joel lilinipita mwilini kama maji ya baridi. Nilijifanya nasoma karatasi.

"Wapo wengine wanaofanya kazi hii," nikasema. "Lansing wapo wawili."

"Hao wanafanya kazi. Wewe unatuchukia. Ninataka mtu anayetuchukia."

Sikuweza kukanusha. Baba yangu alipaka rangi magari katika karakana ya Terborg kwa miaka ishirini na miwili. Nilipomaliza shule nikachukuliwa pale mbele, kuandika mikataba ya mauzo, na ndiko nilikojifunza jinsi bei inavyopikwa. Ndiko pia nilikojifunza jinsi mwanaume anavyoweza kupita mbele ya meza yako mara tisa kwa siku akitafuta kalamu ambayo iko mfukoni mwake. Joel Terborg alinivisha pete mbele ya baba yangu. Mama yake akaja nyumbani kwetu peke yake, akakataa chai, akasema ukoo wao ni wa kanisa la Kiholanzi tangu babu wa babu, na kwamba mwanawe hataoa Mkatoliki wa Kipolandi, binti wa mpaka rangi. Kisha akaweka mezani hundi ya dola elfu ishirini. Niliichana vipande vinne, nikamtia mkononi.

Siku tisa kabla ya harusi, Joel alinitumia ujumbe wa mstari mmoja: *Nimeelewa. Usinitafute.* Nilimpigia mara kumi na moja. Wiki hiyohiyo baba akaachishwa kazi. Walimwambia kazi imepungua. Mimi sikurudi tena kwenye meza yangu.

Na sasa mwanamke huyu alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja.

"Dola mia nane," nikasema.

"Kwenye kioo umeandika mia nne."

"Kwako ni mia nane."

"Hiyo ni bei ya haki?"

"Hapana."

Akazihesabu, noti baada ya noti, akanisukumia. "Basi tumeelewana," akasema. "Kesho saa tatu."

*

Mchana ule nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kumfanyia mteja yeyote. Niliwapigia wauzaji wa Kalamazoo, Lansing na Fort Wayne, gari lilelile, injini ileile, viti vilevile. Nikawataka waniandikie. Wote watatu waliandika. Usiku sikuona usingizi, na asubuhi nilibadilisha blauzi mara nne kabla sijajikasirikia na kuvaa ile ya kwanza.

Ukumbi wa magari wa Terborg haukuwa umebadilika: sakafu inayong'aa, harufu ya mpira mpya na kahawa iliyochemka kupita kiasi. Corsara ilisimama katikati, rangi ya damu ya mzee, imelala chini kama paka anayevizia. Lavonne aliizunguka mara moja, hakuigusa.

Mimi niliigusa. Nilifungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko cha kiwanda kwenye nguzo yake. Nikapitisha kidole chini ya wipa, kikatoka na vumbi. Nikaliandika hilo kwenye daftari langu.

"Halina."

Nilikuwa nimepanga nigeuke polepole. Niligeuka haraka. Joel alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, sweta ya kijivu, mvi chache juu ya masikio ambazo nilizionea wivu kwa kuwa zilimjia mimi nisipokuwepo. Macho yake yalienda kwenye mkono wangu wa kushoto. Yangu yalikuwa yameshatoka kwenye wake. Hakukuwa na pete popote.

"Bwana Terborg," nikasema.

"Siku hizi mimi ni Bwana Terborg?"

"Ukitaka nina majina mengine, lakini mama yako yupo."

Akatuongoza mezani, meza yangu ya zamani, akavuta kiti kwa ajili ya mama yake na kingine kwa ajili yangu. Nilikaa kwenye cha tatu.

"Haya," nikasema, nikaweka karatasi yake katikati. "Hebu nifundishe. Bei ya kiwanda iliyobandikwa kwenye kioo ni dola elfu sabini na moja, mia nne themanini. Hiyo naijua. Hapa chini pameandikwa marekebisho ya soko, elfu kumi na nane. Soko gani hilo, Joel? La samaki?"

"Magari haya ni machache. Wanaoyataka ni wengi. Wewe unajua."

"Najua. Likiwa la kugombaniwa linakaa hapa siku mbili. Hili limetoka kiwandani mwezi wa tisa, likaingia hapa mwezi wa kumi. Limekaa siku mia moja arobaini na saba. Kila siku benki inawatoza riba kwa ajili yake. Wako wapi wanaoligombania? Mimi namwona mama yako tu, na yeye kaja kwa hasira."

Lavonne alikohoa. Nadhani kilikuwa kicheko.

"Na hii, elfu tatu mia tisa tisini na tano, kifurushi cha ulinzi. Ulinzi wa nini?"

"Dawa ya kulinda rangi. Hewa ya naitrojeni kwenye matairi. Nati za kufungia—"

"Dawa ya rangi nani kaipaka?"

Joel akaanza kutafuta kwenye karatasi.

"Nakuuliza kwa sababu aliyekuwa akijua kuipaka hapa alikuwa baba yangu. Hii haijapakwa chochote. Nimepitisha kidole. Mnamuuzia mama yako hewa, Joel. Ya kwenye matairi, na ya kwenye rangi."

Shingo yake ikawa nyekundu, kama zamani. Nilichukia kwamba niliikumbuka ile shingo. Nikatoa zile karatasi tatu nikazipanga mbele yake. "Kalamazoo, bei ya kiwanda. Lansing wamepunguza elfu moja na mia tano. Fort Wayne wamepunguza elfu mbili na mia tano, na huko kuna theluji kama hapa. Gari lililolala miezi mitano, katika mwezi wa tatu, bei yake ya haki ni elfu sitini na tisa na mia tano. Kodi ya jimbo iko palepale. Kuna mahali nimekosea?"

Alizisoma zote tatu, hakuharakisha. "Hujakosea."

"Basi andika."

"Siwezi. Baba amekataza."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka sita, na lilipotoka lilinipa raha kama ya kutoa mwiba. "Amekataza! Sikiliza, Bi Lavonne, baba amekataza. Una miaka thelathini na sita, Joel. Baba yako akikuambia usipumue, utaibana pua. Alikuambia uniache, ukaniacha. Alikuambia umwibie mama yako, unamwibia. Siku atakayokuambia ujitupe mtoni, naomba mtu anipigie simu nije na kiti nitazame."

Muuzaji wa meza ya pili alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Joel alinyanyuka, akaegemea meza kwa mikono miwili. Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Wewe usinisimange kwa habari ya bei, Halina. Hakuna anayejua bei ya vitu kama wewe. Hata yako uliijua. Elfu ishirini, na hukuaga."

Sikuelewa mara moja. Nakumbuka mashine ya kahawa ikikoroma nyuma yangu.

"Umesema nini?"

"Hundi ya mama. Uliichukua. Nilionyeshwa kipande kinachobaki kwenye daftari hundi ikikatwa, jina lako, tarehe. Nilikaa kwenye gari nje ya kwenu saa nzima, nikaona nikiingia nitapiga magoti kwa mwanamke aliyeniuza. Nikaondoka. Kila mwezi nilijiambia ulihitaji hela kwa ajili ya matibabu ya kifua cha baba yako. Nilikutafutia sababu miaka sita. Kwa hiyo usiniambie habari ya kuiba."

Mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama mwanamke aliyekuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe.

"Bi Lavonne," nikasema, "mwambie."

Lavonne akautazama mlango.

"Mwambie, au naondoka na karatasi zangu na utalipa elfu tisini na tatu kwa gari hili, na yule wa benki atanunuliwa viatu kwa hela zako."

"Aliichana," Lavonne akasema.

"Mama?"

"Aliichana mbele yangu, akanitia vipande mkononi. Vinne. Nilivitupa mtaroni kabla sijafika nyumbani." Alizungumza na meza. "Kipande cha daftari kilibaki na jina lake. Baba yako alisema hicho kinatosha, na kikatosha. Hukuuliza hata swali moja, Joel. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Usiku kucha nilijipangia majibu. Hukuuliza."

Joel alikaa. Alikaa vibaya, nusu ya kiti. Akanitazama, na katika yale macho niliona kila kitu nilichokuwa nimekiombea: aibu, majuto, miaka iliyopotea. Nilikuwa nimefikiri kwamba siku hiyo nitacheka. Sikucheka.

"Halina," akasema. "Mungu wangu. Halina."

"Usiniite."

Alivuta ile karatasi ya bei, akafuta elfu kumi na nane kwa mstari mnene, akafuta kile kifurushi. Kisha akafuta hata bei ya kiwanda. "Nitaandika sitini. Elfu sitini. Baba aje anifukuze. Chukueni."

Lavonne alikodoa macho. Dola elfu sitini, yadi ingekula hasara kwa kila tairi. Kisasi kilikuwa mezani, kimekatwa tayari, ningenyoosha mkono tu. Nami nilitaka. Nisijifanye mtakatifu, nilitaka mpaka vidole vikaniwasha.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bei ya haki ni sitini na tisa na mia tano. Ukishuka chini ya hapo, leo utalala ukijiona umenilipa. Hujanilipa, Joel. Hakuna gari kwenye yadi hii la kunilipa. Andika sitini na tisa na mia tano."

Akaandika. Akasaini. Nikamsukumia zile karatasi tatu za kumwonyesha baba yake. Lakini kabla hajazishika nikaziwekea kiganja juu.

"Bado moja. Bi Lavonne, mimi sikudai kitu. Lakini baba yangu alifukuzwa kazi baada ya miaka ishirini na miwili, na akaambiwa kazi imepungua. Anaamini mpaka leo kwamba mkono wake ulikuwa umezeeka. Utakuja nyumbani. Leo. Utamwambia kwa mdomo wako, na mama yangu akisikia."

"Siwezi kuingia nyumba ile."

"Uliingia mara ya kwanza bila kukaribishwa."

"Halina, niombe kingine—"

"Utakwenda, mama," Joel akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza na mama yake vile, bila kuuliza, bila kuomba. "Utaendesha gari lako jipya mpaka pale. Mimi nitakaa pembeni yako nihakikishe hukati kona."

*

Mama yangu alikuwa jikoni akikunja pierogi, zile kama sambusa za Kipolandi za kuchemsha, unga mpaka kwenye viwiko. Alipomwona aliyekuwa nyuma yangu, hakuacha kukunja.

"Viatu," akasema.

Lavonne Terborg alivua viatu vyake mlangoni, akasimama na soksi kwenye sakafu yetu ya plastiki. Hakuna aliyempa kiti. Baba alizima televisheni. Siku hizi anapumua kwa shida kidogo, rangi ya miaka mingi imemkaa kifuani, lakini alisimama, kwa kuwa kwa baba mgeni ni mgeni.

Lavonne alisema yote. Lazima nimpe haki yake, hakuficha. Hundi, vipande, daftari, na jinsi yeye na mumewe walivyokubaliana kwamba baba akibaki karakanani, Joel atakuja kumuuliza na uongo utafumuka. "Kazi haikupungua, Bwana Rusek," akasema. "Baada yako tulichukua watu wawili, na wote wawili hawakuweza kazi yako."

Baba alivitazama viganja vyake, mbele na nyuma. "Wawili?" akauliza.

"Wawili."

Mama ndiye aliyesema. "Binti yangu alilala kwenye sofa lile wiki tatu akikumbatia simu. Nguo ya harusi niliishona mimi, kwa mkono. Niliirudisha kabatini nikaifunika shuka kama maiti. Wewe unapita kanisani kwenu na kofia mpya kila Pasaka." Akachukua duara lingine la unga. "Nimekusikia. Sasa nenda. Sijakusamehe, nisije nikakudanganya."

"Sikuja kusamehewa."

"Vizuri. Hutapata."

Lavonne aliinamisha kichwa mara moja, akainama kuvaa viatu. Alipata shida na kisigino, na hakuna aliyemsaidia. Nilisimama pale nikinywa kila sekunde yake. Ndiyo, nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja picha ile miaka sita, na ilikuwa nzuri kama nilivyoiota.

Baba akaniharibia. Alivaa koti lake, akatoka nje nyuma ya Lavonne, akaliendea lile gari jekundu lililoegeshwa mbele ya nyumba yetu. Akapitisha mgongo wa mkono wake kwenye ubavu wa gari, taratibu, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Akachuchumaa akalitazama dhidi ya mwanga.

"Rangi nzuri," akamwambia Lavonne. "Huko kiwandani wanajua kupaka. Usilipeleke kwenye mashine za kuoshea zile za brashi, zitalichubua. Osha kwa mkono."

"Nitaosha kwa mkono," Lavonne akasema, na hapo ndipo alipolia. Si mbele yangu wala mbele ya mama. Alilia mbele ya mtu aliyempa ushauri wa bure. Akageuka akaenda kusimama mbali, karibu na nguzo ya umeme, akitafuta kitambaa.

"Baba!" nikasema kwa hasira. "Ungemfokea basi. Hata kidogo."

"Nifoke nini? Amesema mkono wangu haukuzeeka." Alikuwa anatabasamu kama mtoto. Kisha akaelekeza kidevu kwenye kiti cha abiria, pale kivuli cha mtu kilipokuwa kimejikunja. "Yule aliye ndani, mimi sina neno naye. Neno ni lako. Ila usimwachie kirahisi." Akaingia ndani kumwambia mama habari za wale watu wawili.

Nililiendea dirisha. Joel alishusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, na gari dogo vile lilimfanya magoti yamfike kidevuni. Wakati mwingine wowote ningecheka.

"Naomba nishuke," akasema.

"Usishuke."

"Nina maneno, Halina."

"Ulikuwa nayo miaka sita iliyopita, nje ya nyumba hii hii, saa nzima. Ulihitaji hatua kumi na mbili kufika mlangoni. Nimezipima mimi. Mama yako alidanganya, sawa, ndivyo alivyo. Lakini wewe ulinijua. Ulijua ninavyokunja mikono nikikasirika, ulijua naweka chumvi kwenye tufaha. Ukaonyeshwa kipande cha karatasi, ukaamini karatasi."

"Nilikuwa mjinga."

"Hilo ni neno jepesi. Tafuta jingine."

Mkono wake ulikuwa kwenye ukingo wa dirisha, na wangu haukuwa mbali. Nilihisi joto lake katika ile baridi bila kumgusa. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kuulaza uso wangu pale shingoni paliponipotea, na sikujua kipi ningekifanya kwanza kama ningebaki pale dakika nyingine.

"Nilikupenda kila siku," akasema. "Hata nilipokuchukia."

"Mimi nilikuchukia kila siku," nikasema. "Hiyo nyingine usiniulize."

"Nitakuja kesho. Peke yangu. Nitagonga."

"Kesho sitafungua."

"Keshokutwa."

"Hata keshokutwa."

"Mpaka lini?"

"Mimi nilisubiri simu moja miaka sita bila kuambiwa ni mpaka lini. Utagonga, utasimama, majirani watakuona, utarudi ulikotoka. Kesho yake utagonga tena. Siku nitakayofungua utaijua, kwa sababu mlango utakuwa wazi."

Joel akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona hana cha kupunguza.

Nilipanda ngazi bila kugeuka. Nikaingia, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikasikia mama jikoni akimuuliza baba, "Wawili? Una hakika alisema wawili?" Nikabaki nyuma ya mlango, kiganja juu ya mbao, nikisikiliza injini iwake waondoke. Ilichelewa sana kuwaka, na Mungu anisamehe, nilifurahia kila dakika iliyochelewa.